Shahidi wetu ni kitunguu

Haya wadau, leo siasa tuziweke kando. Tuongelee kitunguu. Ni kilekile cha kachumbari, ila leo nakileta kama shahidi. Tena ni shahidi wa aina yake: hapewi bahasha, hatishiwi kufukuzwa kazi na hana shemeji serikalini.

Sisi tunaokula mkate wa magazeti tunaijua sentensi moja vizuri sana. Majirani wa kiwanda wanalalamika kwamba maji yanayotoka huko yana rangi na harufu. Kelele zinapanda, kamera zinafika, kisha anasimama bwana mmoja mwenye tai na kusema sampuli zimepimwa na kila kitu kiko ndani ya viwango. Mwandishi anaandika, mhariri anapitisha, habari imekwisha.

Nikawa najiuliza: hivyo viwango vinapima nini hasa? Na kabla havijakuwepo, watu walijuaje kwamba maji ya kiwandani yanaua? Nikaingia kwenye historia kutafuta jibu, na historia ikanipeleka chini ya ardhi, kwenye mizizi. Kwanza mizizi ya mpunga, halafu ya kitunguu.

Mto uliobeba shaba

Tuanzie Japani, sehemu inayoitwa Ashio, kwenye milima iliyo kaskazini ya Tokyo. Mwaka 1877 tajiri mmoja, Furukawa Ichibei, alinunua mgodi wa zamani wa shaba ambao wengi waliona umekwisha. Miaka michache baadaye ikagundulika miamba yenye shaba tele, na Ashio ukawa miongoni mwa migodi mikubwa ya shaba barani Asia. Japani ya wakati ule ilikuwa mbioni kujenga viwanda na jeshi, na shaba ilileta fedha za kigeni. Kwa hiyo mgodi ule haukuwa mgodi tu, ulikuwa fahari ya taifa. Mnaijua lugha hiyo.

Moshi wa matanuru ya kuyeyushia shaba uliua misitu ya milimani. Milima ikabaki vipara. Mvua ikinyesha hakuna cha kuishika, maji yanashuka kwa kasi kwenye mto Watarase yakiwa yamebeba mabaki ya mgodi, na mto unayamwaga kwenye mashamba ya mpunga huko bondeni. Samaki ndio waliotangulia kufa. Kisha mwaka 1890 yakaja mafuriko makubwa, na maji yalipokauka mpunga ukagoma kuota vizuri.

Wakulima hawakuhitaji digrii kujua kuna kitu. Waling'oa miche wakaangalia. Udongo wa Watarase ukapelekwa kwa wataalamu wa kilimo Tokyo, na mmoja wao, Kozai Yoshinao, akathibitisha kwamba tatizo ni shaba. Mwaka 1891 mbunge wa eneo hilo, Tanaka Shozo, akalisimamisha suala hilo bungeni.

Hapa tusimame kidogo tuuangalie mzizi wenyewe. Shaba si adui wa mmea moja kwa moja. Kila mmea unaihitaji, ila kwa kiasi kidogo mno. Ikizidi, inaharibu utando unaozunguka seli za mzizi, ule utando unaoamua kipi kiingie na kipi kitoke. Seli zinaanza kuvuja. Zile za nchani, ambazo kazi yake ni kugawanyika ili mzizi urefuke, zinapunguza kasi au zinasimama kabisa. Mzizi unakuwa mfupi, mnene, wa kahawia, na vinywele vyake vya kunyonyea maji vinakuwa haba. Juu ya ardhi unaona majani ya njano tu, lakini uhalifu umefanyika chini.

Turudi Ashio. Serikali ilijivuta. Mwaka 1896 mafuriko yakarudi kwa nguvu zaidi, na mwaka 1897 mgodi ukaamriwa kujenga mabwawa ya kutuamisha tope na vifaa vya kuchuja. Hali haikutosha kubadilika. Februari 1900 wakulima waliokuwa wanaandamana kwenda Tokyo walikutana na polisi pale Kawamata, wakapigwa na makumi yao wakakamatwa. Tarehe 10 Desemba 1901 Tanaka, akiwa ameshajiuzulu ubunge, alilikimbilia gari la farasi la Mfalme Meiji akiwa na barua ya malalamiko mkononi. Alizuiwa kabla hajalifikia.

Na unajua suluhisho lilikuwa nini? Serikali iliamua kujenga bwawa la kupokea mafuriko, na kijiji kilichotakiwa kupisha kilikuwa Yanaka, kijiji cha wahanga wenyewe. Mwaka 1907 nyumba za waliogoma kuondoka zikabomolewa. Tanaka alikufa 1913. Mgodi uliendelea kuchimba shaba hadi 1973, na makubaliano ya fidia na wakulima yakafikiwa 1974.

Piga hesabu. Udongo ulitoa ushahidi 1891, fidia ikaja 1974. Ni miaka 83.

Mpunga uliokaa kimya

Ashio walikuwa na bahati moja ya ajabu: shaba inaua mmea mapema, kwa hiyo shamba lenyewe linapiga kelele. Kuna sumu nyingine hazina kelele hiyo.

Hukohuko Japani, mkoa wa Toyama, mto Jinzu ulikuwa unapokea mabaki ya mgodi wa zinki wa Kamioka uliomilikiwa na kampuni ya Mitsui. Ndani ya mabaki hayo kulikuwa na metali inayoitwa kadimiamu. Mzizi wa mpunga unaipokea kadimiamu kirahisi na kuipandisha juu hadi kwenye punje. Mmea unaweza kubaki wa kijani na mavuno yakapatikana wakati chakula kimeshageuka sumu.

Walioumia zaidi walikuwa wanawake wa makamo na wazee waliokula mchele huo kwa miaka mingi. Figo ziliharibika, mifupa ikalainika mpaka ikawa inavunjika kwa kitendo kidogo kama kukohoa. Wajapani waliupa ugonjwa huo jina la kilio chenyewe: itai-itai, yaani "inauma, inauma". Daktari wa pale, Hagino Noboru, aliunganisha ugonjwa na mgodi wakati wengi hawataki kusikia. Serikali ilikiri 1968. Wahanga walishinda mahakamani 1971, na tena kwenye rufaa 1972. Kuusafisha udongo wa mashamba kulichukua miongo zaidi ya mitatu, na kazi ikakamilika 2012.

Kwa hiyo tuna somo la kwanza, na ni la kutisha kidogo: mboga iliyonawiri si cheti cha usalama. Metali kama shaba mmea unakufa nazo kabla hazijakufikia sana wewe. Metali kama kadimiamu mmea unaweza kuzipokea, ukazibeba na kukuletea mezani.

Sasa basi, kama jani linaweza kutudanganya, tumuulize nani? Tuulize seli za mzizi. Lakini ili uziulize seli, lazima kwanza ujifunze lugha yake. Hapo ndipo kitunguu kinapoingia.

Maabara ya Lund

Mwaka 1938, katika mji wa Lund kusini mwa Sweden, mtaalamu wa jenetiki ya mimea aitwaye Albert Levan alichapisha utafiti kuhusu mizizi ya kitunguu iliyowekwa kwenye kolchisini. Hii ni sumu inayotoka kwenye ua fulani la Ulaya, na kwa dozi ndogo imetumika kama dawa ya ugonjwa wa jongo.

Kwa nini kitunguu? Kwa sababu kinarahisisha maisha. Ukikiweka juu ya glasi ya maji kinatoa mizizi mingi ndani ya siku mbili tatu. Ncha ya kila mzizi imejaa seli zinazogawanyika. Na seli zake zina kromosomu 16 tu, tena kubwa, zinazoonekana vizuri kwa hadubini ya kawaida.

Kwa lugha nyepesi, seli inapotaka kugawanyika inajinakilisha kromosomu zake, inazipanga katikati, kisha nyuzi nyembamba zinazivuta nusu huku na nusu kule. Levan aliona kwamba kolchisini inavuruga nyuzi hizo. Kromosomu zimeshajinakili, zimekaa tayari kuvutwa, lakini hakuna wa kuzivuta. Zinabaki zimetawanyika ndani ya seli kama abiria waliokatiwa tiketi na basi halina dereva.

Baadaye, mwaka 1945, Levan huyohuyo alitoa matokeo ya kuijaribu mizizi kwa chumvi za metali mbalimbali. Ikawa wazi kwamba si kolchisini peke yake: metali nazo zinaacha alama zake ndani ya seli.

Kabla sijasahau, maabara hiyohiyo ilituhusu sisi binadamu pia. Kwa zaidi ya miongo mitatu vitabu vilisema binadamu ana kromosomu 48. Desemba 1955 Joe Hin Tjio, mtaalamu mzaliwa wa Java aliyekuwa anafanya kazi na Levan pale Lund, alihesabu akapata 46. Walichapisha 1956. Ufundi walioutumia, wa kolchisini na kuzibana seli chini ya kioo, ulikuwa umeiva kwenye mimea kwanza. Usikidharau kitunguu, kimetusaidia kujihesabu.

Zebaki, ndege na mizizi

Mambo yakahama kutoka udadisi wa maabara kwenda mazingira miaka ya 1950 na 1960. Wakulima wa Sweden walikuwa wanapaka mbegu dawa zenye zebaki ili zisioze. Ndege waliokula mbegu wakaanza kufa, na waliokula ndege hao wakafuata. Viwanda vya karatasi navyo vilitumia michanganyiko ya zebaki kuzuia utelezi kwenye mitambo, na maji yake yaliishia mitoni na ziwani. Wakati huo Japani ilikuwa kwenye msiba wa Minamata, ambako wagonjwa wa kwanza waliripotiwa rasmi Mei 1956 na serikali ikakiri 1968 kwamba chanzo ni zebaki ya kiwanda cha kampuni ya Chisso. Sweden ilipiga marufuku kupaka mbegu zebaki ya methili mwaka 1966.

Watafiti wa Sweden, akiwemo Claes Ramel, wakaipeleka michanganyiko hiyo ya zebaki kwa kitunguu. Jibu la mzizi halikuwa na utata: kwa kiasi kidogo mno cha sumu, mgawanyiko wa seli ulivurugika kwa namna ileile ya kolchisini.

Kisha, mwaka 1985, mwanamke mmoja wa Lund aitwaye Geirid Fiskesjö akafanya jambo ambalo wanasayansi wakubwa wakati mwingine hawana subira nalo: akaandika utaratibu. Vitunguu vya namna gani, maji kiasi gani, siku ngapi, unapima nini, unalinganisha na nini. Alipendekeza jaribio la kitunguu liwe kipimo cha kawaida cha kukagua mazingira. Tayari mwaka 1982 W. F. Grant alikuwa ametoa ripoti kwa ajili ya mpango wa mamlaka ya mazingira ya Marekani, akikusanya matokeo ya kemikali 148 zilizowahi kupitishwa kwenye mizizi ya vitunguu. Takriban robo tatu yake zilikuwa zimeacha madhara kwenye kromosomu.

Tangu hapo kitunguu kimezunguka dunia. Brazil wamekitumia sana kwenye mito inayopokea maji ya viwanda. Nigeria, hasa Chuo Kikuu cha Ibadan, wamekitumia kwenye maji yanayochuruzika kutoka madampo na kwenye maji ya viwanda.

Seli inasemaje?

Jaribio lenyewe lina ngazi mbili. Ya kwanza haihitaji hata hadubini. Unaweka vitunguu kadhaa kwenye maji safi, vingine kwenye maji ya kiwandani, vingine kwenye maji hayohayo yaliyochanganywa na maji safi kwa viwango tofauti. Baada ya siku tatu hadi tano unapima urefu wa mizizi kwa rula. Kama mizizi ya maji safi imerefuka na ya maji ya kiwanda imedumaa, una habari.

Ngazi ya pili unakata ncha, kama milimita mbili hivi, unailainisha kwa asidi, unaitia rangi inayoshika kromosomu, unaibana chini ya kioo na kuangalia. Kwanza unahesabu: kati ya seli elfu moja, ngapi zinagawanyika? Zikipungua sana kuliko za maji safi, kuna kitu kinazuia uhai. Pili unatafuta makosa. Kuna kromosomu zilizonasana zikaunda daraja kati ya seli mbili zinazotaka kuachana. Kuna vipande vilivyokatika vikaachwa nyuma. Kuna vijikiini vidogo pembeni ya kiini kikubwa, ambavyo ni mabaki ya kromosomu iliyokosa pa kwenda. Daraja na kipande vinakwambia vinasaba vimevunjika. Kromosomu zilizotawanyika ovyo zinakwambia nyuzi za kuvuta zimeharibiwa.

Naomba nieleweke, kitunguu si malaika. Hakitaji jina la sumu. Kinasema "kuna kitu", halafu mkemia ndiye anatakiwa atafute ni kitu gani. Chumvi nyingi au ukali wa asidi navyo vinaweza kuudumaza mzizi, kwa hiyo lazima vipimwe sambamba. Na kilichovunja kromosomu za kitunguu si lazima kikuvunjie wewe zako kwa kiwango kilekile. Hii ni kengele ya moto. Kengele haizimi moto wala haikwambii umewashwa na nani, lakini nyumba isiyo na kengele mnaamka mmeshaungua.

Orodha ina matobo

Sasa turudi kwa yule bwana wa tai. Viwango vya maji machafu huandikwa zaidi kama orodha: risasi isizidi kiasi hiki, kromiamu isizidi kile, zebaki isizidi hapa. Kanuni zetu za viwango vya maji za 2007, chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, nazo zina majedwali ya namna hiyo. Orodha ni muhimu, siibezi. Bila orodha hakuna kesi.

Lakini orodha inajibu swali uliloliuliza tu. Kiwanda cha nguo kinaweza kutoa rangi na kemikali kibao ambazo hakuna aliyezitaja kwenye orodha. Halafu kuna suala la mchanganyiko. Kitu cha kwanza kiko chini ya kiwango, cha pili chini ya kiwango, cha tatu chini ya kiwango, ila vikikutana ndani ya seli moja vinaweza kusaidiana kazi. Karatasi itasema salama, salama, salama. Mzizi, ambao haunywi kemikali mojamoja bali unakunywa maji yote kwa pamoja, unaweza kusema vingine.

Ndiyo maana Marekani, tangu 1995, ina taratibu rasmi za kujaribu sumu ya maji machafu kwa viumbe hai kama samaki na viroboto wa maji, na Ujerumani inatumia mayai ya samaki. Wazo ni lilelile la Lund: muulize aliye hai.

Na huku kwetu?

Nenda Lubumbashi, kwa ndugu zetu wanaoongea Kiswahili chao kitamu. Kiwanda cha kuyeyusha shaba kilianza pale 1911 chini ya Wabelgiji. Upande ambao upepo ulizoea kupeleka moshi wa bomba lake, miti ya miombo ilitoweka kwenye maeneo makubwa, na zikabaki nyasi chache zenye mizizi inayovumilia shaba. Huko huhitaji hata maabara. Angalia kinachoota na kisichoota, utaisoma historia ya karne nzima.

Dar es Salaam ni kazi zaidi, kwa sababu huku mboga zinaota. Msimbazi unatoka vilima vya Pugu, unakatiza jiji, unaingia baharini karibu na Salender. Mchicha na matembele ya bondeni yamelisha familia nyingi za jiji hili, na ya wenye kazi za ofisini zimo. Mwaka 1999 watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walichapisha vipimo vya mboga zilizolimwa kando ya mito Sinza na Msimbazi. Walikuwa wanatafuta kadimiamu, shaba, risasi na zinki, na walizikuta.

Hapa ndipo kijiji cha Yanaka kinaponijia. Habari ya mboga zenye metali ikitoka, kidole cha kwanza kinaelekezwa kwa mama mwenye ndoo ya kumwagilia. Fyeka bustani, fukuza wakulima, piga picha, tatizo limetatuliwa. Ndivyo walivyofanya 1907: aliye chini ya mto akabomolewa, aliye juu ya mto akaendelea kuchimba. Mkulima wa bondeni hana kadimiamu ya kumwaga. Ameipokea, kama mzizi ulivyoipokea, na yeye ndiye anayekula mboga hiyo kila siku.

Jaribio la kitunguu ni rahisi kuliko tunavyodhani. Kila aliyesoma baiolojia sekondari anajua habari ya ncha ya mzizi wa kitunguu, maana iko kwenye vitabu. Tunakariri hatua za mgawanyiko wa seli, tunachora, tunapata alama zetu, tunasahau. Shule yenye hadubini moja, vitunguu na chupa za maji kutoka juu na chini ya bomba la kiwanda inaweza kuuliza swali ambalo jiji zima linalikwepa. Tahadhari tu: vaeni glavu, maji hayo si ya kuchezea.

Haitakuwa hukumu. Ashio inatukumbusha kwamba ushahidi peke yake unaweza kukaa miaka 83 bila kulipwa. Lakini bila ushahidi hata hiyo miaka 83 haianzi kuhesabiwa.

Basi siku nyingine mtu akisimama mbele ya vipaza sauti vyetu akasema maji yamepimwa, tusifunge daftari haraka. Tumuulize: mmepima vitu gani, na vipi hamkuvipima? Sampuli ilichukuliwa saa ngapi, mchana wa ziara ya wageni au usiku wa manane? Na kuna kiumbe hai yeyote aliyewekwa kwenye maji hayo, akatoka mzima?

Akikosa jibu, sokoni vitunguu vipo.